Dopamini na Ujifunzaji: Kasoro za Istilahi "Homoni ya Furaha"

Makala haya yanahusu kemikali moja ya ubongo na maneno mawili matatu ya Kiswahili ambayo tumezoea kuyatumia tunapoieleza. Huenda msomaji wa jarida la lugha akashangaa kuona mambo ya seli na neva yakijadiliwa hapa badala ya kuachiwa madaktari na wanasayansi. Sababu ni kwamba kosa ninalokusudia kulieleza si lao. Ni letu sisi watu wa lugha, na katika kulitenda mwandishi wa makala haya ana sehemu yake.

Miaka kadhaa iliyopita niliombwa nitafsiri kijitabu cha kuwaelimisha jamaa za watu wenye ugonjwa wa Parkinson, ule ugonjwa unaomfanya mtu atetemeke mikono, akakamae viungo na kuwa mzito wa kutembea. Matini ya asili ilisema kwamba mgonjwa hupungukiwa na dopamini. Nikaona neno hilo litamkwaza msomaji wa kawaida, kwa hiyo nikaongeza maelezo mafupi ambayo hayakuwamo: "yaani homoni ya furaha". Nilikuwa nimeyasoma magazetini na kuyasikia redioni. Yalikuwa mepesi, na yalinipendeza. Kijitabu kikachapishwa. Baada ya muda mama mmoja wa makamo, ambaye mumewe alikuwa mgonjwa, alinijia na kuniuliza kwa sauti ya chini, akiisha kuhakikisha kwamba hapana mwingine asikiaye: "Mwalimu, kile kitabu kinasema mzee wangu amepungukiwa na furaha. Je, ni mimi niliyeshindwa kumfurahisha hata akawa hivi?"

Nilimjibu kwamba sivyo. Aliponitaka nimweleze basi ni vipi, sikuwa na la kusema. Yafuatayo ni jibu ambalo ningalipaswa kumpa, ila nimelirefusha kwa ajili ya wasomaji wa jarida hili.

Jinsi furaha ilivyoingia

Dopamini ni kemikali ambayo baadhi ya seli za neva huitumia kupelekeana habari. Ubongo wa mtu una seli za neva zinazokadiriwa kufika bilioni 86, na kati ya hizo zinazotengeneza dopamini ni kama 400,000 hadi 600,000 tu. Nyingi hukaa katika ubongo wa kati, yaani sehemu ya juu ya shina la ubongo, na kutoka huko hupeleka nyuzi zake mbali, kila seli ikigawa matawi maelfu kwa maelfu. Kundi mojawapo lina rangi nyeusi hata wanaanatomia wa zamani wakapaita mahali pake kwa Kilatini "kitu cheusi". Hilo ndilo linalokufa kidogo kidogo katika ugonjwa wa Parkinson. Hapo hapo tuliondoe neno "homoni". Homoni, kwa maana yake ya kawaida, humwagwa katika damu ikasafiri mwilini. Dopamini ya njia hizi hutolewa na seli kwa jirani zake. Ni kweli kwamba ipo sehemu ya ubongo ambako dopamini hufanya kazi ya homoni, lakini siyo tunayoizungumzia.

Neno "furaha" lina historia ndefu zaidi. Mwanzoni halikuwapo. Mwaka 1957 Arvid Carlsson na wenzake, huko Sweden, waliwapa sungura dawa ya reserpini, ambayo asili yake ni mmea wa Kihindi, na sungura hao wakalala kama waliopooza. Walipodungwa dopa, ambayo mwili huigeuza kuwa dopamini, wakaamka na kutembea. Mwaka 1960 Herbert Ehringer na Oleh Hornykiewicz, huko Vienna, walichunguza bongo za watu waliokufa wakiwa na ugonjwa wa Parkinson, wakakuta dopamini imepungua mno. Carlsson alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2000 pamoja na wenziwe wawili. Msomaji ataona kwamba habari yote hii ni habari ya mwendo: ni nani anayeweza kujinyanyua na ni nani asiyeweza.

Furaha ilitoka Montreal. Mwaka 1954 James Olds na Peter Milner waligundua kwamba panya aliyetiwa waya mahali fulani pa ubongo, akapewa kibonyezo cha kujipitishia umeme kidogo, alikibonyeza mamia ya mara kwa saa. Miaka miwili baadaye Olds aliandika kwamba hapo ni vituo vya raha. Ilipokuja kuonekana kwamba njia za dopamini zinahusika, hitimisho likawa jepesi: vituo ni vya raha, na kemikali yake ni dopamini, basi dopamini ni raha. Mtaalamu Roy Wise aliitetea rai hiyo kwa nguvu mwaka 1982, na baadaye, kwa uungwana usiopatikana sana miongoni mwetu wanachuo, akaiacha.

Tukiitazama hoja kwa jicho la mwanaisimu, kasoro yake haijifichi. Panya hakusema kwamba amefurahi. Alichofanya ni kurudi. Mtu mwenye upele hurudia kujikuna, wala hatusemi kwamba amestarehe.

Jibu la majaribio lilikuja mwaka 1989 kutoka Chuo Kikuu cha Michigan. Kent Berridge na wenzake walijua kwamba panya, kama mtoto mchanga, ana uso usemao: akitiwa maji ya sukari hulamba midomo, akitiwa kitu kichungu hupanua kinywa akataka kukitoa. Wakaharibu, kwa sumu maalumu, karibu njia zote za dopamini katika bongo za panya kadhaa. Panya hao hawakutafuta tena chakula. Wangalikufa njaa huku chakula kimewazunguka lau wasingalilishwa kwa mrija. Ikiwa dopamini ndiyo raha, sukari ingalikuwa kama maji matupu kwao. Lakini walipotiwa sukari mdomoni walilamba midomo kama kawaida. Utamu ulikuwapo. Kilichokosekana ni kule kuutaka.

Hapa Kiswahili kina akiba ya maneno ambayo hatukuijali. "Hamu", "uchu", "shauku" na "kiu" ni maneno ya kitu ambacho bado hakijapatikana. "Ladha", "utamu", "raha" na "starehe" ni ya kitu kilichokwisha kupatikana. Mvuta sigara aweza kusema, na kila mtu akamwelewa, kwamba sigara haimpi raha tena lakini uchu wake haujamtoka. "Furaha" nayo iko mbali na makundi yote mawili, kwani ni hali ya moyo, na twaweza kusema mtu ana furaha mwaka mzima ilhali hatusemi ana ladha mwaka mzima. Kwa hiyo kati ya maneno manane au tisa yaliyokuwa mbele yetu, tulichagua lile lililo mbali kuliko yote.

Ziada na upungufu

Yawezekana mtu akapendekeza tuandike "kemikali ya uchu" tukamaliza kazi. Ingekuwa nafuu, lakini ingeficha jambo ambalo, kwa maoni yangu, lina uzito zaidi kwa walimu wa lugha.

Katika miaka ya 1980 na 1990 Wolfram Schultz, wa Chuo Kikuu cha Fribourg nchini Uswisi, alitumia nyaya nyembamba mno kusikiliza seli za dopamini, moja moja, katika ubongo wa kima. Seli hizi hazinyamazi kabisa. Hata kima akikaa bure, hupiga mara chache kila sekunde. Kima alipopewa tone la maji ya matunda bila kulitazamia, mipigo iliongezeka kwa ghafla. Mpaka hapa mtetezi wa furaha hana wasiwasi. Kisha taa ikawa inawashwa kila mara kabla ya tone kutolewa. Kima alipokwisha kulizoea jambo hilo, seli zilipiga kwa wingi taa ilipowaka, na tone lenyewe lilipofika hazikubadili mwendo wake, ijapokuwa kima aliyanywa maji yake kama siku zote. Na taa ilipowaka halafu tone lisije, mipigo ilishuka chini ya kawaida, tena katika wakati ule ule ambao tone lingalifika.

Jambo hili la mwisho lastahili kusomwa mara mbili. Hakuna kilichotokea: hapakuwa na sauti, mwanga, wala pigo. Kutotokea kwa kitu ndiko kulikozifanya seli zipungue. Ili hilo liwezekane, ubongo hauna budi kuwa na kumbukumbu ya kile kinachotarajiwa na saa yake, na kukilinganisha na kile kilichofika. Mfanyabiashara afungapo hesabu jioni hatazami wingi wa fedha peke yake. Huzipima na daftari, akaona kama kuna ziada, upungufu, au zimelingana. Seli za dopamini hutoa matokeo ya hesabu ya namna hiyo. Na daftari husahihishwa papo hapo, ili kesho tarajio liwe karibu zaidi na kweli. Kusahihisha huko ndiko kujifunza.

Mwaka 1997 Schultz, pamoja na Peter Dayan na Read Montague, walionyesha kwamba mipigo hiyo inafanana na kanuni ya hesabu ambayo Richard Sutton na Andrew Barto walikuwa wameibuni kwa ajili ya kuzifundisha mashine. Mizizi yake ni ya zamani zaidi, katika nadharia ya wanasaikolojia Robert Rescorla na Allan Wagner ya mwaka 1972, wasemao kwamba mnyama hajifunzi kwa sababu tu vitu viwili vimeandamana, bali hujifunza kwa kadiri ya alivyoshangazwa. Barto na Sutton walipewa Tuzo ya Turing ya mwaka 2024.

Wanaoitafsiri istilahi ya wataalamu hao neno kwa neno huandika "kosa la utabiri". Siipendi. Kwanza, kupata zaidi ya ulichotarajia si kosa. Pili, "utabiri" kwa wasemaji wetu hunukia mvua na ramli. Napendekeza "tofauti ya tarajio", na chini yake "ziada" na "upungufu", maneno ambayo kila muuza duka anayajua.

Wasomaji wa jarida hili hawahitaji kima ili waelewe tarajio ni nini. Msikilizaji asikiapo "kitabu" amekwisha kujiandaa kwa "hiki", "kile", "changu" au "kimepotea". Akiletewa "kitabu hii" hushtuka kabla hajajua kwa nini, na mtoto wa miaka minne aliyezaliwa katika Kiswahili hushtuka pia, ingawa hajapata kusikia neno "ngeli". Sisemi kwamba mshtuko huo ni kazi ya dopamini; lugha hupita njia nyingi katika ubongo. Nasema tu kwamba sarufi ya upatanisho wa kisarufi ni shule ya kutarajia, na kwamba sisi tulikuwa na mfano bora kuliko taa na maji ya matunda.

Ndege, mwalimu na msikilizaji

Je, hesabu hii ni ya chakula na kinywaji tu? Swali hili lilijibiwa na ndege mdogo wa Australia ambaye wanasayansi humfuga kwa ajili ya wimbo wake. Kwa kuwa shingo na kifua cha dume kina mistari mfano wa punda milia, nitamwita chiriku-milia. Wajuzi wa ndege wataniwia radhi. Kinda dume hujifunza wimbo mmoja kwa baba yake au kwa dume mwingine, huufanyia mazoezi maelfu ya mara, kisha huushika maisha yake yote. Wanyama wanaojifunza sauti kwa kuiga ni wachache, na sisi tu miongoni mwao.

Mwaka 2016 Vikram Gadagkar, Jesse Goldberg na wenzao wa Chuo Kikuu cha Cornell walisikiliza seli za dopamini za chiriku-milia aimbaye peke yake. Kwa kutumia mashine walipiga sauti ya kuvuruga juu ya silabi moja ya wimbo, mara nyingine wakiiacha silabi hiyo ipite salama, hata ndege akasikia kana kwamba amekosea. Silabi ilipovurugwa, mipigo ya seli ilishuka. Ilipopita salama mahali ambapo uvurugaji ulitarajiwa, mipigo ilipanda. Hapakuwa na punje wala tone la maji. Ndege alijipima mwenyewe kwa wimbo alioukusudia, na seli zile zile zikatoa ziada na upungufu.

Kabla ya kujipima, lakini, lazima awe amepata wimbo wa kujipimia, na hapo ndipo jamii inapoingia. Inajulikana kwamba kinda wa chiriku-milia huiga dume anayeishi naye, lakini akiusikia wimbo ule ule kwa kipaza sauti tu, pasipo kufanya lolote, hauigi. (Akifundishwa kubonyeza kitufe ili ajipigie wimbo mwenyewe, huweza kuuiga, kwa hiyo tusikilaumu kipaza sauti kupita kiasi.) Mwaka 2018 Masashi Tanaka, Richard Mooney na wenzao wa Chuo Kikuu cha Duke walieleza sababu mojawapo. Mwalimu aliye hai akiimba mbele ya kinda, kundi fulani la seli za ubongo wa kati huamka na kutoa dopamini katika kiini cha ubongo kinachoshughulikia wimbo. Dopamini hiyo ilipozuiwa wakati wa somo, kinda hakuiga kitu, ijapokuwa masikio yake yalikuwa mazima na mwalimu yuko mbele yake. Na watafiti walipoziamsha nyuzi za seli hizo wao wenyewe huku wimbo ukipigwa kwa kipaza sauti, kinda aliuiga. Sauti haikuwa na upungufu wowote. Ilikosa kitu cha kumwambia kinda kwamba sauti hii yamhusu.

Wenzangu waliopitia maabara za lugha katika vyuo vya ng'ambo, wakakaa saa nzima na vifaa vya masikioni wakirudia sentensi za kanda, watakumbuka jinsi sentensi zile zilivyoyeyuka kabla ya kufika mlangoni, na jinsi neno moja la mwenye nyumba mkali lilivyodumu. Lakini kumbukumbu si ushahidi. Ulio karibu na ushahidi ni utafiti wa Patricia Kuhl na wenzake, uliochapishwa mwaka 2003. Watoto wa Kimarekani wenye umri wa miezi tisa walikaa na wasemaji wa Kichina cha Mandarin kwa vipindi 12, wakichezeshwa na kusomewa vitabu, wakajifunza kutofautisha sauti za lugha hiyo. Wenzao waliowaona na kuwasikia wasemaji hao hao kwa televisheni, au waliosikia sauti zao tu, hawakujifunza. Katika utafiti huo dopamini haikupimwa, wala hatuna ruhusa ya kuitia kwa kuwa tu matokeo yanafanana na ya ndege. Mtu mzima, aidha, hujifunza mengi redioni. Nayaleta hapa kwa sababu yanaonyesha kwamba swali waliloulizwa ndege si geni kwa binadamu.

Kuna utafiti wa tatu, wa mwaka 2023, ambao naona ndio wa ajabu kuliko wote. Andrea Roeser, Gadagkar, Goldberg na wenzao walizisikiliza tena seli za dume, safari hii jike akiwapo. Dume alipomwimbia jike, zile ishara za kujisahihisha zilififia. Badala yake seli zilijibu milio ya jike, ambaye kwa desturi huitikia wimbo kwa kulialia. Dume yule yule, wimbo ule ule, lakini kinachohesabiwa kuwa ziada kilikuwa kimebadilika kwa kuwa msikilizaji amefika. Wanaisimujamii, tangu William Labov katika miaka ya 1960 na hasa Allan Bell katika makala yake ya mwaka 1984, wametufundisha kwamba msemaji huunda usemi wake kwa kumtazama msikilizaji. Sitaki kudai kwamba chiriku-milia amethibitisha nadharia ya Bell. Dume anayetafuta mke si msomaji wa habari redioni. Hata hivyo, mtu atakayesema kwamba mitindo ya lugha ni pambo la juu juu lisilofika ndani ya mwili, sasa ana kazi ya kujieleza.

Kurudi kwenye kijitabu

Basi yule mama angaliambiwa nini? Angaliambiwa kwamba seli zinazokufa katika ubongo wa mumewe ni zile ambazo kazi yake mojawapo ni kuwezesha mwendo uanze, ndiyo maana mzee aweza kutaka kuinuka na asiinuke upesi, na sauti yake ikafifia pia. Angaliambiwa kwamba dopamini hupanda na kushuka kwa kulinganisha kilichotarajiwa na kilichopatikana, na kwamba mtu aweza kuwa nayo chache na bado akaonja utamu wa chai yake. Nisingemficha kwamba wagonjwa wengi wa Parkinson huingiwa na huzuni nzito, na kwamba huzuni hiyo yaweza kuwa sehemu ya ugonjwa wenyewe, ya kuelezwa daktari. Lakini ingekuwa ni huzuni iliyoletwa na ugonjwa. Kijitabu changu kilikuwa kimegeuza mambo, kikamfanya mke awe mshtakiwa kwa maneno matatu.

Kijitabu kilipochapishwa mara ya pili niliyafuta maneno hayo, nikaandika: "Dopamini ni kemikali ya ubongo. Seli huitumia kuanzisha mwendo, na pia kujifunza kutokana na tofauti kati ya kilichotarajiwa na kilichopatikana. Katika ugonjwa huu seli zinazoitengeneza hufa. Hazifi kwa sababu ya huzuni, wala kwa kosa la mtu wa nyumbani." Mhariri alinirudishia ukurasa huo, sentensi ya mwisho imepigwa mstari, na pembeni ameandika kwamba haimo katika matini ya asili. Nilimkumbusha kwamba "homoni ya furaha" haikuwamo pia. Sentensi ikabaki.